Majina ya Mishipa na Mwelekeo wa Damu: Historia ya Elimu ya Moyo wa Mtoto Aliye Tumboni

Utangulizi

Katika taaluma nyingi jina hutangulia maarifa. Mtu hukiona kitu, hukipa jina kwa kadiri anavyokidhania, kisha jina hilo hurithiwa na vizazi ambavyo havikupata kukichunguza kitu chenyewe. Maarifa yakibadilika baadaye, jina hubaki, na dhana iliyolizaa hubaki ndani yake. Historia ya elimu ya moyo, hususa ile sehemu yake ihusuyo mzunguko wa damu wa mtoto aliye tumboni mwa mama yake, inalidhihirisha jambo hili waziwazi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba njia za damu katika moyo wa kijusi zilionwa na kuelezwa tangu karne ya pili, lakini zilikaa zaidi ya miaka 1,400 bila kueleweka. Macho ya waliozichunguza yalikuwa mazima. Tatizo ni kwamba mishipa ilikuwa imepewa majina kwa kufuata kile kilichodhaniwa kuwamo ndani yake, wala si kwa kufuata upande inakoipeleka damu. Jambo hilo lawahusu wanaisimu wa Kiswahili kwa sababu maalumu. Fasili iliyozoeleka madarasani, kwamba ateri ni mshipa wa damu safi na vena ni mshipa wa damu chafu, inarudia kosa lile lile la zamani, na kijusi ndicho kinachoiumbua.

Njia za damu tumboni

Moyo wa mwanadamu una vyumba vinne: viwili vya juu vipokeavyo damu, na viwili vya chini viisukumavyo. Baada ya mtu kuzaliwa, upande wa kulia hupokea damu itokayo mwilini na kuipeleka mapafuni, na upande wa kushoto hupokea ile itokayo mapafuni na kuipeleka mwilini kwa njia ya aota, ateri iliyo kubwa kuliko zote. Kijusi hakivuti hewa. Mapafu yake yamejaa maji, mishipa ya mapafu hayo imebana, na ni sehemu ndogo tu ya damu ipitayo humo. Kazi ya kutwaa oksijeni hufanywa na kondo la nyuma, ambamo damu ya mama na damu ya mtoto hukaribiana sana bila kuchanganyika.

Damu iliyokwisha kupata oksijeni hutoka katika kondo kwa vena moja ya kitovu. Sehemu yake hupita ndani ya ini. Sehemu nyingine huliepuka ini kwa kupitia mfereji wa vena na kuingia katika vena kuu ya chini. Ifikapo katika chumba cha juu cha kulia, kiasi kikubwa cha mkondo huo huvuka moja kwa moja hadi chumba cha juu cha kushoto kwa kupitia tundu lenye umbo la yai, lililo katika ukuta wa kati na lenye kifuniko chembamba upande wa kushoto. Hivyo damu yenye oksijeni nyingi ndiyo ilishayo moyo wenyewe na ubongo. Damu irudiyo kutoka kichwani hushuka katika chumba cha chini cha kulia na kusukumwa kuelekea mapafuni. Lakini kabla haijayafikia, sehemu yake kubwa huchepushwa na mfereji wa ateri na kumwagwa katika aota. Kutoka huko ateri mbili za kitovu huirejesha damu katika kondo.

Mtoto avutapo pumzi ya kwanza mpango huu hugeuka. Mapafu hujaa hewa, mishipa yake hupanuka, na damu nyingi humiminika humo na kurudi upande wa kushoto wa moyo. Shinikizo la upande huo huzidi lile la upande wa kulia, na kifuniko cha tundu husukumwa kikaziba. Mfereji wa ateri hujikaza kwa nguvu ya misuli yake wenyewe, na kwa kawaida huacha kupitisha damu kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Baadaye hugeuka kuwa kano. Vena ya kitovu nayo huwa kano iliyoshikamana na ini. Takriban mtu mmoja kati ya kila wanne hubaki maisha yake yote na tundu ambalo kifuniko chake hakikugandamana barabara, na wengi wao hawapati dhara lolote.

Jalinusi na urithi wa Wayunani

Neno ateri latokana na Kiyunani. Wayunani walilitumia kwa mishipa ya damu na pia kwa koo la hewa, ambalo waliliita ateri yenye kukwaruza. Kuchanganya huko kulikuwa na sababu. Mtu anapokufa ateri husinyaa na damu yake nyingi huondoka, na wapasuaji wa maiti walizikuta tupu. Erasistratus, aliyeishi katika karne ya tatu kabla ya Masihi, alifundisha kwamba vena huchukua damu, na ateri huchukua pumzi ya uhai. Tangu hapo jina lilikuwa limekwisha kuamua kitu gani kimo ndani ya mshipa.

Galen wa Pergamon, ambaye Waarabu walimwita Jalinus, alizaliwa mwaka 129. Yeye aliifunga ateri ya mnyama aliye hai mahali pawili, akaipasua katikati, na damu ikatoka. Kwa kufanya hivyo alimkanusha Erasistratus, lakini hakuibomoa nyumba ya mawazo yake. Aliendelea kushika kwamba kuna damu za aina mbili: damu ya lishe itengenezwayo na ini na kusambazwa na vena, na damu yenye pumzi ya uhai isambazwayo na ateri. Kwa kuwa mshipa utokao upande wa kulia wa moyo kwenda mapafuni ulikuwa mnene kama ateri ilhali, kwa nadharia yake, ulichukua damu ya lishe, aliuita vena yenye umbo la ateri. Ule urudio upande wa kushoto kutoka mapafuni, ambao ukuta wake ni mwembamba, aliuita ateri yenye umbo la vena. Tena, ili baadhi ya damu ya kulia ifike kushoto, alidai kuwa ukuta wa kati wa moyo una vitobo visivyoonekana.

Galen aliuchunguza pia moyo wa kijusi, na maelezo yake ni ya ajabu kwa usahihi. Aliliona tundu na kifuniko chake, akauona mfereji unaounganisha aota na mshipa wa mapafu, na akajua kwamba njia hizi mbili hufungwa baada ya kuzaliwa. Alipofika kwenye swali la faida yake, majina yalimpoteza. Kwa kuwa mshipa mmoja wa mapafu aliuita vena na mwingine ateri, na kwa kuwa mapafu ya kijusi yalikuwa mekundu kama nyama nyingine, alihitimisha kwamba tundu limewekwa ili kuyapelekea mapafu damu ya lishe, na mfereji umewekwa ili kuyapelekea damu yenye pumzi. Alidhani njia hizo zaelekea mapafuni, kumbe kazi yake ni kuyaepuka mapafu. Kila kiungo alikitaja mahali pake, na mwendo wa damu akaugeuza kinyume.

Kairo, mwaka 1242

Vitabu vya Galen vilifasiriwa kwa Kiarabu, na mafundisho yake yakapangwa upya katika Kanuni ya Ibn Sina. Athari ya tiba hiyo ilifika mpaka pwani ya Afrika ya Mashariki, na alama yake ingali katika msamiati. Maneno belghamu na safura, ambayo Kiswahili kiliyapata kutoka Kiarabu, yalikuwa majina ya mbili kati ya chembechembe nne za maji ya mwili katika mfumo wa Galen. Nadharia yenyewe imetoweka. Leo belghamu ni kohozi tu, na safura imekuwa jina la ugonjwa wa minyoo upunguzao damu.

Mtu wa kwanza kujulikana kuupinga mfumo huo katika suala la moyo ni Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Sham aliyefanya kazi Kairo na kufariki huko mwaka 1288. Katika ufafanuzi wake wa sehemu za Kanuni zihusuzo viungo vya mwili, alioutunga mwaka 1242, alikataa kauli ya Ibn Sina kwamba moyo una vyumba vitatu vya chini, akisema ni viwili tu. Alikataa pia vitobo vya ukuta wa kati. Kwa hoja yake, ukuta huo ni mnene na hauna njia iliyo wazi wala iliyofichika. Basi damu ya chumba cha kulia haina budi kupita katika mapafu, ichanganyike na hewa humo, ndipo ifike chumba cha kushoto.

Yafaa kutazama lugha aliyoitumia. Ibn al-Nafis hakubuni istilahi mpya. Alibaki na shiryani ya wiridi na wiridi ya shiryani, ambazo ni tafsiri za Kiarabu za majina yale mawili ya Galen. Alichokifanya ni kuuliza damu yatoka wapi na yaenda wapi, na swali hilo likaifungua njia ambayo majina yalikuwa yameifunga. Kazi yake haikuenea. Nakala yake ilitambuliwa Berlin mwaka 1924 na daktari wa Kimisri Muhyi al-Din al-Tatawi, aliyekuwa akisoma Ujerumani, na ndipo wanahistoria wa tiba walipolazimika kuiandika upya sura hiyo.

Padua na London

Huko Ulaya, Michael Servetus alieleza kupita kwa damu mapafuni katika kitabu cha dini kilichotoka mwaka 1553, mwaka ule ule alipochomwa moto Geneva kwa kushtakiwa uzushi. Realdo Colombo alilieleza jambo hilo katika kitabu cha elimu ya viungo kilichotolewa mwaka 1559. Miaka ya 1560 kijusi chenyewe kilirudi mezani mwa wapasuaji. Giulio Cesare Aranzi wa Bologna aliandika kitabu juu yake mwaka 1564, na mfereji wa vena ukaja kuitwa kwa jina lake. Leonardo Botallo naye alilieleza tundu la ukuta wa kati, akidhani ndiyo njia ya kawaida ya damu kutoka kulia kwenda kushoto hata kwa watu wazima. Waandishi wa baadaye walimhusisha na mfereji wa ateri badala ya tundu. Kosa hilo likapata muhuri rasmi mwaka 1895, wataalamu walipoidhinisha huko Basel orodha ya istilahi za elimu ya viungo ambamo mfereji wa ateri uliambatanishwa na jina la Botallo. Kamati ya istilahi yaweza kuhalalisha kosa kwa urahisi ule ule inaohalalisha jina sahihi.

Mwaka 1603 Girolamo Fabrici, mwalimu wa Padua, alichapisha maelezo ya vali zilizo ndani ya vena. Aliziita milango midogo. Jina lilikuwa zuri. Hata hivyo, alidhani kazi ya milango hiyo ni kuizuia damu isishuke kwa wingi na kujaa miguuni. Mwanafunzi wake William Harvey, Mwingereza aliyehitimu Padua mwaka 1602, aliuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza mbele ya mlango: wafungukia upande gani? Akaona kwamba milango ya vena hufungukia upande wa moyo tu. Basi vena haziwezi kuwa njia za kusambazia damu. Ni njia za kuirudisha.

Harvey aliongeza hoja ya hesabu. Ikiwa moyo hupiga zaidi ya mara 1,000 katika nusu saa, na kila pigo hutoa nusu aunsi ya damu, basi kwa muda huo hutoka aunsi 500, yaani takriban kilo 15. Chakula hakiwezi kuzalisha kiasi hicho, wala mwili hauwezi kukihifadhi. Lazima ni damu ile ile inayozunguka. Hoja hizi zilitolewa Frankfurt mwaka 1628 katika kitabu kidogo cha Kilatini juu ya mwendo wa moyo na damu.

Katika sura ya sita ya kitabu hicho Harvey anakiita kijusi kuwa shahidi. Anawalaumu waliotaka kuielewa njia ya moyo kwa kutazama maiti za watu wazima tu, bila kuangalia wanyama wengine na watoto ambao hawajazaliwa. Katika kijusi, anasema, damu huonekana dhahiri ikitoka kulia kwenda kushoto: sehemu yake kwa tundu, na sehemu yake kwa mfereji uimwagao katika aota. Kwa kuwa mapafu hayafanyi kazi, vyumba viwili vya chini hutumika kama kimoja. Mapafu yaanzapo kazi, njia hizo hufungwa, na damu hupita mapafuni. Hivyo kilichokuwa fumbo la pembeni kwa Galen kikawa kwa Harvey uthibitisho wa mzunguko mzima. Hata hivyo, naye aliendelea kuandika vena yenye umbo la ateri. Fikra zake zilikuwa zimeyaacha majina nyuma.

Ini au pafu?

Kilichosalia ni kujua kwa nini damu ipite mapafuni. Marcello Malpighi alionyesha mwaka 1661, kwa hadubini, vijishipa vyembamba mno vinavyounganisha ateri na vena katika pafu la chura. Richard Lower alionyesha mwaka 1669 kwamba damu hugeuka nyekundu iliyokolea kwa kukutana na hewa mapafuni. Ndipo John Mayow, katika kitabu cha mwaka 1674, alipotoa pendekezo ambalo ni la kiistilahi kama lilivyo la kitiba. Kondo la nyuma lilikuwa likiitwa ini la mji wa mimba, kwa imani kwamba kazi yake ni kumtengenezea mtoto damu. Mayow alisema lingestahili kuitwa pafu la mji wa mimba, kwa kuwa humpatia mtoto ile sehemu ya hewa idumishayo uhai. Oksijeni ilikuwa haijagunduliwa. Ingegunduliwa karibu karne nzima baadaye. Hapa jina jipya lilitangulia maarifa pia, ila safari hii liliwaelekeza watu kulikokuwa na ukweli.

Kutoka nadharia hadi kitanda cha mtoto

Hadi karne ya ishirini hakuna aliyeuona mwendo wenyewe ukitendeka. Mwaka 1939 watafiti wa Uingereza, wakiwamo A. E. Barclay, Joseph Barcroft na K. J. Franklin, walitia dawa isiyopenywa na eksirei katika mishipa ya vijusi vya kondoo na kuipiga picha za sinema. Mkondo wa vena kuu ya chini ulionekana ukigawanyika na kuingia upande wa kushoto wa moyo kupitia tundu.

Wakati huo huo madaktari walikuwa wakipambana na mfereji wa ateri uliokataa kufunga. Mfereji ukibaki wazi baada ya kuzaliwa, shinikizo la aota huwa kubwa kuliko la mapafu, na damu hutoka katika aota kuelekea mapafuni, kinyume cha ilivyokuwa tumboni. Jambo hilo ndilo alilolidhania Galen kuwa kawaida ya kijusi. Kumbe ni ugonjwa wa aliyezaliwa. Tarehe 26 Agosti 1938, huko Boston, Robert Gross aliufunga kwa uzi mfereji wa msichana wa miaka saba, naye akapona.

Helen Taussig wa Baltimore aliona upande wa pili wa jambo hilo. Wapo watoto ambao njia yao ya kawaida ya kwenda mapafuni imebana tangu kuumbwa. Kwao mfereji ulio wazi ndio uhai, na hali yao huwa mbaya mfereji unapofunga. Kwa ajili yao Alfred Blalock, pamoja na Vivien Thomas, fundi wa maabara Mmarekani Mweusi aliyeibuni na kuijaribu mbinu hiyo kwa wanyama, walitengeneza njia mbadala ya damu kwenda mapafuni. Upasuaji wa kwanza ulifanywa mwezi Novemba 1944. Mwaka 1973 Flavio Coceani na Peter Olley wa Toronto walionyesha kwamba prostaglandini huulegeza mfereji wa ateri wa mwanakondoo. Katika miaka michache iliyofuata dawa hiyo ilianza kutumiwa kuuweka wazi mfereji kwa watoto waliouhitaji, na dawa ya kuizuia ikatumiwa kuufunga kwa watoto njiti. Anayemtibu mtoto wa siku mbili hana budi kujua, kabla ya kuchagua kati ya dawa hizo, damu ya mtoto huyo inaelekea wapi.

Funzo kwa istilahi za Kiswahili

Neno la asili la Kiswahili kwa njia hizi zote ni mshipa. Neno hilo ni pana mno: hutumika kwa njia ya damu, kwa mshipa wa fahamu, kwa kano, na hata kwa maradhi ya ngiri. Kwa sababu hiyo wataalamu walikopa ateri na vena, na hawakukosea. Kosa lipo katika fasili zinazoambatana na maneno hayo. Nchini Tanzania, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu 1967, na katika kliniki za Kenya ambako wauguzi hueleza mambo haya kwa Kiswahili, imezoeleka kusema kwamba ateri hubeba damu safi na vena hubeba damu chafu.

Fasili hiyo ina dosari mbili. Kwanza, si ya kweli. Ateri ya mapafu hubeba damu yenye oksijeni kidogo, na vena za mapafu hubeba damu yenye oksijeni nyingi. Mwalimu huweza kuliita hilo jambo la pekee na kupita. Lakini katika kijusi vena ya kitovu ndiyo yenye oksijeni nyingi kuliko mishipa yote, na ateri mbili za kitovu ndizo zenye upungufu. Fasili inayokataliwa na mwili wa kila mwanadamu kwa miezi tisa ya kwanza haistahili kuitwa kanuni. Pili, usafi na uchafu katika Kiswahili ni maneno mazito. Yanagusa tohara na unajisi, na watu husema mgonjwa ana damu chafu wakimaanisha maradhi. Mama aambiwaye kwamba damu chafu ya mwanawe yamjia kwa kitovu ana haki ya kuingiwa na hofu.

Kiswahili kina nyenzo ambazo lugha ya Galen haikuzitumia katika jambo hili. Vitenzi kutoa na kurudisha, kuendea na kutokea, pamoja na viambishi vya mahali, huonyesha mwelekeo bila shida yoyote. Ateri ni mshipa utoao damu moyoni. Vena ni mshipa urudishao damu moyoni. Fasili hizo mbili hazina jambo la pekee hata moja, si mapafuni wala kitovuni, kwa mtoto wala kwa mtu mzima. Majina yale ya kutatanisha, vena yenye umbo la ateri na ateri yenye umbo la vena, huwa kwa Kiswahili mshipa uendao mapafuni na mshipa utokao mapafuni, na mwanafunzi hapati nafasi ya kupotea.

Uthibitisho wake umo mikononi mwa kila mkunga. Akishika kitovu cha mtoto aliyezaliwa sasa hivi, kabla ya kukikata, husikia mapigo vidoleni. Mapigo hayo ni ya moyo wa mtoto, si wa mama, kwa kuwa ateri za kitovu huitoa damu kutoka kwa mtoto kuipeleka katika kondo. Rangi ya damu hiyo haionekani, wala si lazima ionekane. Panapopiga ndipo damu inapotoka, na mtoto akiisha kuvuta pumzi, mapigo hayo hufifia mpaka yakakoma.